Namna ya kupata dereva wa gari la shule Tabora na kumfanya abaki, kuanzia na watoto wa siti za nyuma

Kila Januari ni yale yale. Shule zinafunguliwa, gari limepigwa rangi upya ya njano, wazazi wameshalipa hela ya gari, dereva hakuna. Au yupo ila ni wa tatu ndani ya mwaka, na watoto hata jina lake hawalijui wanamuita tu anko. Meneja anapiga simu huku na huku "huna kijana yoyote mwenye leseni hapo?", kijana anapatikana, anaendesha mpaka Machi hivi, anasepa.

Wengi wanasema tatizo ni mshahara na ni kweli mshahara ni tatizo, nitafika huko. Lakini siku moja kaa na madereva walioacha, wakae kijiweni na kahawa yao, waulize taratibu kilichowaondoa. Utasikia habari za makelele, za mtoto aliyemrushia dereva kokwa la embe kisogoni akiwa kwenye kona, za mzazi aliyekuja kumfokea getini watoto wote wanaangalia, za matroni, yule mlezi wa watoto garini, aliyekaa mbele anachati mwanzo mwisho. Mimi naona kukosa madereva na watoto kuharibika ndani ya gari ni ishu moja, dereva anaondoka kwa sababu nyuma hapakaliki, na nyuma hapakaliki kwa sababu kila muhula kuna dereva mgeni ambaye watoto wanampima kwanza waone atafika wapi. Kwahiyo tunaanzia nyuma ya gari, ya dereva yanafuata. Ukianza na tangazo la kazi unamwaga maji kwenye gunia.

Nimeandika kwa ajili ya wenye shule binafsi, walimu waliokabidhiwa usafiri na kamati za wazazi, hapa Tabora mjini hasa, ila wa Nzega, Urambo na hata Kigoma wataona wenyewe wapi pa kubadilisha.

HATUA YA 1: Panda gari mwenyewe, jioni

Asubuhi usipande. Asubuhi nusu ya watoto wanasinzia, utashuka unasema mbona safi tu hawa madereva wanalalamika nini. Panda saa tisa alasiri, na ukitaka kuona ukweli wenyewe panda mwezi wa kumi, lile joto la Tabora kabla mvua haijashika, watoto wana njaa, wana jasho, wamekaa darasani tangu asubuhi wanatafuta pa kuachia. Kaa siti ya nyuma kabisa. Siku mbili za kwanza watakuogopa, ndo maana nakwambia panda wiki nzima, mpaka wakusahau.

Beba daftari dogo, andika vitu vichache: kelele zinaanza baada ya kutoka getini kwa dakika ngapi na zinaanzia siti gani, ugomvi unatokea kituo gani (mara nyingi ni pale gari linaposimama muda mrefu mzazi hajatoka kupokea mtoto), watoto wangapi wamesimama, na cha muhimu kuliko vyote, dereva amegeuza kichwa mara ngapi. Hiki cha mwisho kihesabu kweli kweli. Gari likiwa spidi 40, sekunde 2 za kugeuka kusema "nyie kaeni chini!" ni mita 22, zaidi ya urefu wa madarasa mawili, na muda wote huo hakuna mtu anayeangalia mbele, na mbele kuna bodaboda, baiskeli zenye mkaa, mbuzi na watoto wa shule nyingine wanaotembea kwa miguu.

Muangalie na matroni pia. Kwenye magari mengi anakaa mbele pembeni ya dereva, na mazungumzo yanakuwa haya:

"Anti, huyu ananifinya."

"Mwambie aache." Hajageuka hata.

"Anti nimemwambia hataki."

"Haya nitakuja."

Haji. Mtoto anayefinywa anajua haji, na anayefinya ndo anajua zaidi.

HATUA YA 2: Punguza watu ndani ya gari

Hapa wenye shule hawapapendi maana ni hela. Lakini Kosta ya siti 26 ukiweka watoto 40 na kitu, wanapakatana, wengine wamesimama, mabegi yako mapajani, hakuna sheria yoyote ya nidhamu itakayofanya kazi humo. Mtoto aliyebanwa anasukuma, anayesukumwa anarudisha, sio utundu huo. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na trafiki nao hawataki, na siku ya ajali bima ndo inaanza kuuliza idadi.

Kama hela ya gari la pili haipo gawa trip. Wadogo, chekechea mpaka darasa la tatu, waondoke saa nane. Wakubwa wabaki wafanye homuweki wakiwa na mwalimu wa zamu, gari likirudi saa tisa na nusu wanaondoka. Dereva anaendesha ruti mbili fupi zenye watoto wachache badala ya moja ndefu ya vurugu. Na wadogo wanakuwa wameachana na wakubwa, ambao ndo walimu wao wa matusi, tuseme ukweli.

Urefu wa ruti nao uangalie. Chora kwenye karatasi, Cheyo, Kitete, Isevya, Ng'ambo, Kiloleni, Ipuli, huko kote uone nani anashuka wa mwisho na saa ngapi. Kama kuna mtoto anakaa garini zaidi ya saa moja kwa mji huu wetu ambao unauzunguka wote kwa muda mfupi tu, basi ruti imepangwa vibaya, kuna mzazi mmoja aliomba gari limfuate mpaka mlangoni na mkakubali, afu wa pili akaomba, na wa tatu. Weka vituo. Watoto wa mtaa mmoja washuke sehemu moja, wazazi waje pale.

Na usidhani ni sisi tu maskini ndo yanatukuta. Marekani wana upungufu wa madereva wa mabasi ya shule mpaka mwaka 2021 gavana wa Massachusetts alitoa askari wa akiba wakaendeshe vigari vya wanafunzi. Agosti 2023 kule Louisville, Kentucky, wakapanga upya ruti zote kwa msaada wa kompyuta ili madereva wachache waliopo watoshe, siku ya kwanza ya shule watoto wa mwisho wakafika kwao karibu saa nne usiku, shule zikafungwa zaidi ya wiki wakipanga tena. Ruti zilitosha kwenye karatasi, barabarani zikagoma. Na kule mara nyingi dereva yuko peke yake na watoto 50 hakuna matroni, tabia za watoto ni mojawapo ya vitu madereva wanavyovitaja wakiacha kazi. Sisi matroni tunaye, tatizo hatumtumii.

HATUA YA 3: Matroni ahame, na kila mtoto awe na siti yake

Matroni akae katikati ya gari au siti moja kabla ya mwisho, upande wa korido. Simu iwe ya kazi tu, kupigia wazazi wa kituo kinachofuata. Mlipe kama mtu mwenye kazi maana ana kazi kubwa kuliko hata mpishi, hesabu ya watoto iko mikononi mwake. Kama gari lina watoto wakubwa wa kiume wa la sita na la saba ni vizuri kuwe na mlezi wa kiume pia, mwalimu anayeishi kwenye ruti hiyo anaweza kupanda bure mkamalizana naye.

Siti ziwe na namba, bandika hata kwa karatasi na selotepu. Kila mtoto ana namba yake muhula mzima. Wadogo mbele nyuma ya dereva, wanashuka kwa urahisi. Wale vinara, mnawajua, usiwakusanye siti ya nyuma, hapo unawafungulia tawi. Watawanye, mmoja mmoja dirishani, pembeni yake mtoto aliyetulia wa darasa tofauti na lake. Ndugu wa tumbo moja wanaogombana nyumbani usiwaweke pamoja hata mama yao akiomba.

Kiranja wa gari ni wazo zuri ila na mipaka. Kazi yake ni kuhesabu, kufunga madirisha mvua ikija na kumwambia matroni, basi. Asishike fimbo, asiandike majina ya "wapiga kelele" ya kuchapwa kesho. Nimeona viranja wanaolipwa pipi ili wasiandike jina, rushwa inaanza la nne hiyo.

HATUA YA 4: Sheria chache, zifundishwe gari likiwa limesimama

Hata kama shule ni ingilishi midiamu, sheria za gari zisemwe Kiswahili. Mtoto wa chekechea anayeambiwa kwa Kizungu asitoe mkono dirishani hajaambiwa kitu.

Hizi zinatosha: unakaa siti yako mpaka gari lisimame kabisa. Mkono na kichwa viko ndani. Gari likitembea hakuna anayeongea na dereva, shida yoyote anaambiwa anti, hata kubanwa mkojo. Hakuna kula ndani ya gari. Hakuna kumgusa wala kumtukana mtu.

Ya kula watu wataiona ndogo, subiri Novemba mpaka Januari msimu wa maembe. Huu mji una miembe kila mahali, mtoto anaingia garini na matatu kwenye begi na moja mkononi. Maganda yanaanguka kwenye korido, mwenzake anateleza, makokwa yanatoka dirishani yanampata wa bodaboda kifuani, wa bodaboda anafukuzia gari anataka ugomvi na dereva. Dereva hakula embe yeye! Suluhisho ni ndoo. Weka ndoo getini, embe lote linaliwa au linaingia kwenye begi kabla mguu haujakanyaga ngazi, na jioni matroni awape watoto dakika kumi za kula na kunywa maji kabla gari halijaondoka. Hizo dakika kumi za kula zinaondoa nusu ya fujo, nakuhakikishia, njaa ndo inapiga kelele pale.

Wiki ya kwanza ya muhula fanyeni zoezi uwanjani gari limezimwa, kupanda, kukaa, kushuka, kuvuka barabara. Kuvuka ni mbele ya gari dereva akikuona na akikupa ishara, nyuma ya gari hapana kabisa. Warudie mpaka wachoke.

HATUA YA 5: Mtoto akikosea

Kwanza fimbo hapana. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, za 1979 zikarekebishwa 2002, zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Dereva hayumo, matroni hayumo, kiranja ndo kabisa. Dereva akimzaba mtoto kibao kesi ni yake na ni ya shule, na dereva mzuri unaweza kumpoteza kwa kibao kimoja alichokitoa amechoka. Kwahiyo mwambie mapema, wewe kazi yako barabara, mtoto akikushinda simamisha gari.

Na kusimamisha gari ndo silaha yenyewe. Fujo ikizidi, dereva anatafuta sehemu salama, anatoka nje ya barabara, anazima, anawasha taa za hatari, ananyamaza. Haongei. Matroni anasimama anaongea. Gari halitembei mpaka watu wametulia. Mara ya kwanza watacheka, mara ya pili wale wanaotaka kuwahi katuni wataanza wenyewe kuwanyamazisha wenzao. Wazazi wajulishwe kabla kwamba huu ndo utaratibu, wasije wakapiga simu kumi mbona gari limechelewa.

Afu kuwe na daftari la gari. Sio la kutisha, la kuandika tu: tarehe, nani, kafanya nini, tumefanya nini. Kosa la kwanza matroni anaongea na mtoto pembeni, anabadilishwa siti. La pili mzazi anapigiwa siku hiyo hiyo, anayepiga ni mwalimu wa usafiri, dereva asihusishwe. La tatu mzazi anaitwa, daftari liko mezani, na mtoto anaweza kusimamishwa kupanda gari siku kadhaa. Asimamishwe kuanzia kesho na mzazi akiwa amekubali kwa maandishi. Kumshusha mtoto njiani kama adhabu hairuhusiwi hata awe amevunja kioo.

Daftari hilo linakuokoa na mazungumzo haya:

"Mwalimu, mwanangu nyumbani ni mpole jamani, hawezi kutukana."

"Mama, shikamoo. Naomba tusome wote hapa, tarehe 4, tarehe 11, tarehe 12."

"...Hili neno kalitoa wapi?"

"Ndo tunataka tujue wote mama yangu."

Bila tarehe mngebishana mpaka jioni. Mpe kiti, mpe maji, mzazi anayeona haya leo ndo atakayekuwa upande wako kesho.

Sasa kuna makosa ambayo hayapiti kwenye ngazi hizi. Kushikana sehemu za siri, kisu au wembe, mkubwa anayechukua hela za wadogo kila siku, kumpiga mtoto mwenye ulemavu. Haya yanaenda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo na wazazi wote wawili wanaitwa. Na usisahau wakati mwingine anayekosea ni mtu mzima. Mtoto ambaye ghafla hataki kupanda gari, au anataka kukaa popote ila sio siti ya mbele karibu na dereva, asiitwe mtundu, asikilizwe peke yake na mtu anayemuamini. Simu ya watoto ni 116, ni bure, iandikeni kwenye mlango wa gari ndani, kwa herufi kubwa.

HATUA YA 6: Sasa tafuta dereva

Tabora dereva mzuri ana pa kwenda. Ujenzi wa reli mpya ya SGR unapita hapa, Makutupora kuja Tabora, Tabora kwenda Isaka, na Tabora kwenda Kigoma, bomba la mafuta limepita Nzega na Igunga, kuna malori ya tumbaku, kuna mabasi ya Mwanza na Dar. Unashindana na hao wote, na wewe una masaa ya ajabu na watoto wanaopiga kelele. Jua hilo kabla hujatangaza laki mbili na nusu.

Leseni iangalie daraja sio picha. Gari la abiria kati ya 15 na 30 ni C1, kuanzia 30 kwenda juu ni C. E ni ya malori, jamaa anaweza kuwa fundi wa semi-trela miaka yote ila kubeba watoto kwa E hairuhusiwi. Akiwa na mafunzo ya magari ya abiria kutoka VETA au NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) na amethibitishwa na LATRA, vizuri zaidi. Usichukue kivuli cha leseni kwenye WhatsApp, ishike mkononi, angalia tarehe ya kuisha, afu nenda nayo trafiki wakuhakikishie kama ni halali na kama ana makosa.

Nani wa kumtafuta? Mimi kijana wa miaka 23 mwenye haraka simpi, samahani vijana. Tafuta mstaafu mwenye nguvu aliyeendesha gari la halmashauri au la misheni, tafuta dereva wa Haisi aliyechoka kukimbizana na hesabu ya bosi kila jioni, tafuta mtu mwenye familia mjini hapa hapa ambaye safari za mbali zimemchosha. Na mama wa makamo mwenye leseni, wapo, watu hawawaulizi tu. Piga simu kwa waajiri wake wawili wa nyuma na uliza swali moja: ungemrudisha? Sikiliza kabla hajajibu, akianza na "aaah, yule bwana..." umeshajibiwa.

Siku ya majaribio aendeshe ruti yenyewe saa tisa, ndani wakae walimu na matroni, sio watoto. Walimu wapige kelele makusudi, waimbe, mmoja amuite "anko! anko!" akiwa kwenye kona. Akigeuka, bado. Akifika kwenye reli anasimama kabisa anaangalia huku na huku au anapunguza tu kwa kuwa "saa hizi treni hamna"? Anayesema saa hizi treni hamna mshukuru, mpe nauli arudi kwake. Muulize na hili: mvua kubwa imenyesha, maji yamekatiza barabara, watoto wako ndani na upande wa pili unauona, unafanyaje? Jibu ni moja, anageuza au anasubiri. Aprili 2024 Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni asubuhi na watoto wakafa, na sisi hapa barabara za mbuga zikilowa tunazijua.

HATUA YA 7: Mpe sababu ya kubaki

Kazi ya gari la shule imekatwa vipande viwili. Anaamka saa kumi alfajiri, anaanza saa kumi na moja, saa mbili amemaliza, afu anakaa mpaka saa nane, anaendesha tena mpaka jioni. Wengi wanamlipa kwa zile trip tu, yale masaa ya katikati wanayahesabu kama mapumziko yake ingawa hawezi kwenda popote. Hapo ndo anaanza kutafuta kibarua cha katikati, anaendesha Haisi ya mtu, anarudi saa nane amechoka anasinzia na watoto wako nyuma.

Fanya hivi. Mkataba wa maandishi wa mwaka mzima, sio wa "tukifungua". Juni na Desemba shule ikifunga mshahara unaendelea, hii ndo sababu namba moja ya dereva kutorudi Januari, alitafuta kwingine mwezi wa kumi na mbili kwa sababu watoto wake wanakula hata wakati wa likizo. Likizo yake ya siku 28 anaipata kisheria, mpange aichukue shule ikiwa imefungwa, muda unaobaki apeleke gari gereji na asimamie. Masaa yasizidi 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Masaa ya kabla ya saa kumi na mbili asubuhi sheria inayahesabu ya usiku, yana nyongeza ya asilimia 5. NSSF ilipwe, na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, siku akigongwa akibadilisha tairi usianze kuchangisha kwenye grupu.

Masaa ya katikati mpe kazi nyepesi, kununua vitu sokoni, kukagua gari, na umpe pa kulala. Kweli, godoro kwenye stoo safi, dakika tisini za mchana. Usimgeuze dereva binafsi wa mkurugenzi wa kumpeleka harusini Jumamosi.

Kuna jambo dogo halina gharama. Chai ya saa nne dereva anakunywea wapi? Ukikuta anakunywea chini ya mti na mlinzi wakati walimu wako ndani, na watoto wanaona, usishangae watoto wakimwita "we anko". Aingie staff room. Aitwe kwa jina, Mzee fulani au Baba fulani, paredi ya Jumatatu atambulishwe kama anavyotambulishwa mwalimu mpya, watoto wamwamkie shikamoo wakipanda. Na mzazi mwenye lalamiko apeleke ofisini, getini hakuna kumfokea mtu. Meneja akilisimamia hilo mara moja tu mbele ya mzazi mwenye gari kubwa, yule dereva hatakimbilia SGR kirahisi.

HATUA YA 8: Siku dereva anaumwa

Uwe na dereva wa akiba anayelipwa kidogo kila mwezi kwa kukaa standibai na ambaye ameshaendesha ruti hiyo angalau mara kadhaa, watoto wanamjua sura. Mwalimu mwenye leseni ya D ya gari lake dogo sio dereva wa akiba, hata kama anajua. Ukikodi gari la nje liwe na leseni ya LATRA, bima iliyo hai, na matroni wako apande lazima.

Kinachotokea mara nyingi ni wazazi kuhangaika wenyewe, watoto wanne kwenye bodaboda moja, mshikaki, helmeti hamna. Kwahiyo ujumbe utoke mapema, kabla ya saa kumi na mbili, kwenye grupu la ruti husika sio la shule nzima:

"Wazazi wa ruti ya Ipuli habari za asubuhi. Dereva wetu anaumwa. Gari litaanza saa moja kamili likiendeshwa na dereva wa akiba mnayemfahamu. Mwenye uwezo wa kumleta mtoto mwenyewe tunashukuru, atujulishe hapa. Tunaomba msiwapakie mshikaki, watakaochelewa hawataadhibiwa."

Ile sentensi ya mwisho isiachwe. Wazazi wanapakia mshikaki kwa kuogopa mtoto atachapwa kwa kuchelewa.

HATUA YA 9: Mambo ya kila siku

Asubuhi kabla ya kuwasha: matairi, breki, maji, taa, mlango wa dharura unafunguka kwa ndani, mtungi wa kuzimia moto una presha, sanduku la huduma ya kwanza lina vitu sio tupu. Trafiki wakitangaza ukaguzi wa magari ya shule peleka mapema, usisubiri kushikwa barabarani na watoto ndani.

Jioni baada ya mtoto wa mwisho dereva anazima gari, anatembea mpaka siti ya nyuma, anaangalia chini ya kila siti, anasaini daftari. Watoto wa chekechea wanalala wanateleza chini, kwenye kioo cha mbele huwaoni. Matroni anasaini naye. Saini mbili ndo ufunguo unarudi ofisini.

Na mtoto anakabidhiwa kwa mtu mnayemjua. Mzazi hayupo kituoni, mtoto anabaki garini, anazunguka, anarudishwa shule, mzazi anamfuata huko. Ukimuacha "kwa mangi hapo" siku moja, kesho watakuzoea.

HATUA YA 10: Hela

Haya yote yanaongeza gharama, mshahara wa likizo, dereva wa akiba, trip ya pili, mafuta. Usifiche. Fanya hesabu kwa gari moja kwa mwaka: mafuta, matengenezo, bima, leseni, mishahara ya watu watatu, gawa kwa watoto waliokaa kwenye siti (siti, sio waliosimama), gawa kwa miezi ya shule. Namba itakayotoka pengine ni kubwa kuliko mnayotoza sasa. Ipeleke kwenye kikao cha wazazi ikiwa imeandikwa mstari kwa mstari, na dereva na matroni wawepo ukumbini waulizwe maswali. Wazazi wa hapa wanabisha sana kuhusu elfu kumi ila wakiona imeenda wapi wanatoa. Asiyeweza kulipa yote mpe kuchagua kituo cha karibu na barabara kubwa kwa bei nafuu badala ya kumsukumia bodaboda. Na nyongeza itangazwe Oktoba au Novemba, kabla watu hawajapanga hela za Januari, ukiitangaza katikati ya muhula nusu watakulipa nusu na mshahara wa dereva ndo utakaokatwa wa kwanza.